Historia ya Dada Mkaguzi, Aliyeogopa Siku ya Kuzikwa Kwake

Ndugu waombolezaji, mliokaa chini ya turubai na ninyi mliosimama kule ukutani kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa katika watoto wanne wa mzee wetu mwoka mikate. Kazi ya kusoma historia hii nimepewa na marehemu mwenyewe, kwa mwandiko wake, katika bahasha aliyomkabidhi shemeji mwezi wa saba mwaka huu, ambayo ndani yake kulikuwa na tarehe zote za maisha yake isipokuwa ile ya mwisho, na chini kabisa maneno manne, "Asome mdogo wangu. Yote." Naomba mnivumilie nikiruka mstari, sikulala vizuri jana, na sababu yake si msiba peke yake, mtaisikia tukifika huko.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, alfajiri, katika chumba kilichopakana na tanuri la baba, siku ambayo kwa maelezo ya mama mikate yote iliungua kwa kuwa baba alisahau kwamba ana tanuri, akawa mtoto wa kwanza na kwa hiyo ndiye wa kutumwa. Mtaa wetu ulikuwa na maduka matatu yanayotazamana, na mama, ambaye hakupenda kununua kitu kabla ya kuuliza huku na huku, alimzoesha kupita katika yote matatu kuuliza bei ya sabuni ya kufulia, naye akaifanya kazi hiyo kupita alivyoagizwa, akauliza hata siku ambazo sabuni ilikuwepo nyumbani, mpaka mwenye duka la kona akachoka akamwambia, "Mtoto wewe, unanunua au unakagua?" Tangu hapo mtaa ukamwita Mkaguzi, akaenda na jina hilo shuleni, kazini na kwenye ndoa, na wengi wenu mliopo hapa mmelijua jina lake la vyeti leo asubuhi tu, mlipolisoma kwenye shada la maua. Miaka mingi baadaye alinieleza kwamba hakuwa mtundu, alikuwa na wasiwasi, kwa sababu kila siku jibu lilikuwa lile lile katika maduka yote matatu, bila kupungua wala kuzidi senti, na yeye alidhani kosa ni lake, kwamba hajajua kuuliza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1963 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza Novemba 1969, akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana Januari 1970 na kuhitimu Novemba 1975, na ripoti zake, ambazo mama alizitunza zote, zinasema jambo moja kila muhula, kwamba ni mwanafunzi mzuri ila anajihangaisha. Mwaka 1976 alipata nafasi ya kusomea sheria katika chuo kikuu cha nchi jirani, kwa kuwa nchi yetu ni ndogo na hatukuwa na chuo cha namna hiyo, akarudi Desemba 1979 na shahada, sanduku moja la vitabu, na tabia ya kusoma huku anatembea, ambayo ilimtumbukiza mara mbili kwenye mtaro wa mbele ya bekari, mara ya pili wateja wakiwa kwenye foleni.

Tarehe 2 Juni 1980, siku ya Jumatatu, aliajiriwa Wizara ya Biashara, Idara ya Udhibiti wa Bei, ambako kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kugonga muhuri kwenye orodha za bei, maana wakati ule serikali ndiyo iliyoamua mkate uuzwe kiasi gani, na kiberiti, na misumari, na kila Ijumaa mchana orodha hizo zilibandikwa kwenye milango ya maduka. Baba alikuwa akisema, kwa fahari na kwa uchungu vikiwa pamoja, kwamba amemsomesha binti ili aje amwambie babake bei ya mkate. Tarehe 1 Julai 1992 bei ziliachiwa huru, idara ikafungwa kwa barua ya mistari minne, wenzake wengi wakachukua kiinua mgongo wakaondoka, yeye akabaki wizarani bila meza, akiogopa kitu ambacho sisi wengine hatukukiona, kwamba mkono wa serikali ukishatoka kwenye bei, utaingia mkono mwingine usio na ofisi wala muhuri, na huo nani atauandikia barua.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu shemeji amenikumbusha nisiruke ndoa. Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981 na mpima ardhi, ambaye alikuja nyumbani kupima kiwanja cha bekari na akabishana na marehemu juu ya nusu mita upande wa mtaro, na marehemu ndiye aliyekuwa sahihi, shemeji husema alikosea makusudi ili apate sababu ya kurudi, sisi wa nyumbani hatujaamini. Walijaliwa watoto wawili, wa kike tarehe 9 Mei 1983, ambaye ni muuguzi, na wa kiume tarehe 21 Januari 1986, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili wamekua wakijua kwamba mama yao hapandi gari la mtu, hanywi chai ya mtu, na hapokei hata kiroba cha viazi kutoka kwa mtu mwenye biashara, jambo ambalo katika nchi ambapo kila mtu ni shemeji au jirani wa mwenye biashara, maana yake ni kutembea kwa miguu na kuwa na kiu.

Kati ya mwaka 1993 na 1996 aliandika rasimu ya kwanza ya Sheria ya Ushindani, kwenye kona ya meza ya mhazini wa wizara, nayo ilipofika kwa wakubwa ikapelekwa kwenye wizara ya michezo, kwa sababu ya hilo neno ushindani, ikakaa huko miezi minane, na ilipoombwa irudi ilirudi na maoni kwamba haijataja marefa. Alisimulia jambo hilo kila mara akicheka, lakini shemeji anajua kwamba ile miezi minane hakula vizuri. Sheria yenyewe, kwa maneno mepesi, inasema kwamba wauzaji wa bidhaa moja wasikae pamoja kuamua bei, bali kila mmoja aamue peke yake na amwogope mwenzake, na ilipitishwa bungeni tarehe 23 Novemba 1999, kwa kura chache, saa ambayo wabunge wengi walikuwa wamekwenda kula.

Hapa kuna jambo la katikati ambalo tarehe yake ameiandika yeye mwenyewe na kuipigia mstari, nami sina ruhusa ya kuliruka. Baba yetu alifariki tarehe 3 Juni 1997, akazikwa Alhamisi tarehe 5, kutoka nyumba hii hii, na mimi nikiwa na miaka thelathini na mmoja nikaachiwa bekari. Siku ile, watu walipokuwa wakila, niliitwa nyuma ya nyumba, pale kwenye tangi la maji, nikakuta viti sita, vitano vimekaliwa na waoka mikate wote wa nchi hii, na aliyeniita alikuwa mzee tunayemwita Mwenyekiti, ingawa hajawahi kuwa mwenyekiti wa chama chochote, yupo hapa leo, safu ya pili. Aliniambia, "Kijana, babako alikuwa na kiti hapa. Kaa." Nikakaa, nikasikia kwamba mkate utapanda Jumatatu na kwa kiasi gani, sikusema ndiyo wala hapana, nilikuwa nimefiwa na baba, na waliokuwa wakisema walikuwa watu wazima. Jumatatu tarehe 9 Juni mkate ulipanda katika bekari zote sita, na wa kwangu pia. Dada alikuwa amekaa na akina mama, hatua ishirini kutoka pale, akiwakaribisha wageni.

Tume ya ushindani ilifunguliwa Jumatatu tarehe 7 Mei 2001, katika vyumba viwili juu ya posta, ikiwa na wafanyakazi wanne, kompyuta moja na feni iliyogoma kugeuka, na marehemu akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Kwa miezi kumi na moja hakuna aliyepanda kulalamika isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akitafuta stempu, na marehemu alishindwa kuelewa, akadhani sheria imeandikwa vibaya, mpaka siku aliposimama ng'ambo ya barabara akaona kwamba ngazi ya ofisi iko nje ya jengo, na kila anayepanda anaonekana na mtaa mzima, kuanzia kinyozi hadi muuza magazeti. Akaomba posta iruhusu watu wapitie mlango wa vifurushi, na wiki iliyofuata walikuja watu tisa, wote wakiwa wamebeba vifurushi vitupu.

Mkate ndio uliomsumbua kuliko vyote. Alikuwa na kalenda kubwa ukutani ambayo juu yake aliandika kila siku mkate ulipopanda, na ulipanda katika bekari zote sita ndani ya wiki moja, kila mara, lakini barua haikuwepo, mkutano haukuwepo, simu hazikuonyesha kitu, na watu wa bodi ya tume wakaanza kumwambia kwamba huenda unga ndio unaopanda. Yeye mwenyewe alinunua mkate kwa zamu, Jumatatu bekari ya Mwenyekiti, Jumanne ya kwangu, na kuendelea hivyo mpaka Jumamosi, ili mtu asije akasema anapendelea, na Jumapili nyumba yake ilikula viazi.

Mwezi wa Aprili 2004 alikuja kwa mama kutafuta tarehe ya kufariki baba, kwa ajili ya fomu ya kiwanja, akafungua ile droo ya kabati la jikoni ambamo mama aliweka karatasi za historia za marehemu wote aliowahi kuwazika, karatasi kama hii niliyoshika, kwa sababu mama hakuweza kutupa karatasi yenye jina la mtu. Akaisoma ya baba, akasoma na nyingine, na mnajua jinsi zinavyokwisha, kwa shukrani, tunawashukuru madaktari, tunawashukuru majirani, tunawashukuru waoka mikate wote sita walioleta mikate ya msiba. Mama alisema aliketi pale sakafuni mpaka chai ikapoa, kisha akaomba begi la kubebea. Aliziweka karatasi hizo chini ya kalenda yake, na kila mazishi yaliyoshukuru waoka mikate wote sita yalifuatwa na Jumatatu ya mkate kupanda, mara saba, ya kwanza ikiwa ya baba, kabla sheria haijazaliwa, na sita ndani ya sheria. Zilitushika shukrani, ndugu zangu, hazikuwa siri, zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na yeye alikuwa amezisikiliza zote akiwa amekaa safu ya mbele.

Siku hiyo hiyo aliiandikia bodi kwamba mdogo wake yumo na kwa hiyo yeye hafai kuliendesha shauri, bodi ikatafuta mtu mwingine na kugundua kwamba naibu wake ameoa kwa mwoka mikate, mwanasheria wa tume ni mjukuu wa mwingine, na msajili ana mkataba wa chapati na wa tatu, ikaishia kumwomba jaji mstaafu ambaye, kwa bahati, daktari wake alikuwa amemkataza mkate. Shauri lilisikilizwa Februari 2006, marehemu akiwa shahidi, na aliposoma majina alianza na langu. Wenzangu hawakuficha kitu, walieleza kwa ukweli kabisa kwamba ndiyo, hukutana misibani, wakutane wapi tena, kwa sababu hawakuona kuna la kuficha, na mimi nikajitetea kwamba katika misiba yote saba sikusema neno hata moja, na mashahidi wote wakakiri kwamba ni kweli, huyu hakusema neno.

Hukumu ilitolewa Ijumaa tarehe 18 Agosti 2006, na aya yake ya arobaini na moja ninaijua kwa moyo, naomba niisome kama ilivyo, "Aliyekaa akasikia, akaondoka na alichosikia, amekubali. Kukataa kwa moyoni si kukataa. Ni lazima wenzake wasikie." Tulitozwa faini sote sita kwa misiba ile sita, tukalipa, na faini haikuniuma kama kile kimya changu kuitwa kukubali, maana nilikuwa nimekitunza miaka tisa nikidhani ndiyo heshima yangu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwake, nami ninaisema ingawa nilikuwa upande wa pili. Watu waliacha kumsalimu sokoni, simu ya nyumbani ililia na anayepiga hasemi, na kuanzia Septemba kila asubuhi alikuta mlangoni mkate mmoja, umefungwa kwa gazeti, hauna jina. Hakujua kama ni zawadi au ni kitisho, hakuula wala hakuutupa, aliupeleka ofisini na kuuandika kwenye daftari, tarehe, saa, uzito, akaupanga kwenye rafu, hadi ikafika mikate kumi na tisa na ukungu, na wenzake wakaomba dirisha lifunguliwe. Mama ndiye aliyekuwa akiupeleka, alimpa dereva wa gari langu bila mimi kujua, kwa sababu alisikia eti binti yake anaogopa kwenda bekari. Alikuja kukiri mwaka 2008, na marehemu akaenda ofisini akaandika kwenye daftari lile, mstari wa mwisho, "Imefahamika: mama."

Mimi na yeye hatukuzungumza tangu siku ya hukumu. Aliendelea kuja kila Jumanne kununua mkate, akasimama kwenye foleni kama watu wengine, na mimi nikajificha nyuma kwenye matanuri mpaka niambiwe ameondoka, na hata mama alipofariki tarehe 30 Aprili 2012 tulisimama pande mbili za kaburi. Nilikuwa na hasira, lakini nikisema kweli hasira ilikwisha mapema, kilichobaki ni woga wa kuwa wa kwanza kusema.

Katika msiba ule wa mama waoka mikate walikuja wote, kwa upendo, na yeye siku nzima ya mazishi ya mama yake mzazi alikaa kwenye kiti karibu na tangi la maji, peke yake, akilinda. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kulia msibani, hakupata nafasi, alikuwa akitazama nani amesimama na nani. Wengi wenu mtakumbuka kwamba alipofika msibani watu waliokuwa wakizungumza wawili wawili waliachana ghafla kama vijana waliofumaniwa, hata waliokuwa wakizungumza mpira.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2016 akiwa na miaka sitini, akaacha tume yenye wafanyakazi ishirini na mmoja na ngazi ya ndani. Alianza kuugua mwishoni mwa 2019, miguu ikivimba, na Februari 2020 madaktari wakathibitisha kwamba ni figo, akapangiwa kusafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Jumanne ya kwanza mpwa wangu alinipigia, "Mjomba, mama ana zamu saa mbili, na gari la baba limegoma," nikaenda na gari la mikate, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo. Akapanda, akafunga mkanda, tukapita mataa mawili, na baada ya miaka kumi na tatu na miezi sita dada yangu akaniambia, "Mikate yako imepungua chumvi." Nikamwambia ndiyo, nimepunguza. Akasema alijua tangu mwaka juzi, ila hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kuanzia hapo nilimpeleka kila Jumanne na Ijumaa, miaka mitatu na nusu, akilipa nauli, nilipokataa alishuka, kwa hiyo nikaipokea. Nilimwuliza kwa nini alianza na jina langu, akasema angenitaja wa pili watu wangesema amenificha. Nilimwuliza kama anatuona sisi waoka mikate kuwa watu wabaya, akafikiri mpaka tukafika hospitali, kisha akasema hapana, sisi ni watu wa heshima, na katika nchi ndogo ubaya hauna haja ya watu wabaya, unahitaji tu watu wanaofahamiana na kuoneana haya. Na mwezi Julai mwaka huu, wiki ile ya bahasha, akaniambia, "Kufa siogopi sana. Naogopa siku ya kuzikwa. Mtakuja wote." Nikacheka, nikadhani ni utani wake. Yeye hakucheka.

Hali yake ilibadilika Alhamisi tarehe 5 Oktoba 2023, akalazwa, na akafariki Jumapili tarehe 8 Oktoba, saa tisa na dakika kumi alasiri, shemeji akiwa amemshika mkono na watoto wote wawili wakiwepo, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi sita na siku ishirini na nne.

Karatasi aliyoniachia inaishia hapo, na neno lake ni "Yote," kwa hiyo sijamaliza.

Jana Jumanne tarehe 10 Oktoba, saa kumi alasiri, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, niliitwa nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, nikakuta viti sita. Mzee wetu Mwenyekiti alikuwa amelia, na kilio chake ni cha kweli, nina hakika, huyu ndiye aliyenifundisha kuokoa unga uliogoma kuumuka siku za baridi, na amira yangu ilipokwisha alinipa yake, mbichi, bila kuniuliza. Aliniambia, "Mdogo wetu, dada amepumzika sasa. Unga umepanda, na wote tupo. Kiti chako kipo." Nikakaa. Wakazungumza juu ya Jumatatu, kwa sauti ya chini, kwa adabu ya msiba, nami nikanywa chai yangu mpaka ikaisha, na sikusema ndiyo wala hapana, nikanyanyuka nikaenda kupokea wageni. Unga umepanda kweli. Nina wafanyakazi kumi na wanne, tanuri langu moja ni bovu, na bekari tano zikiamua pamoja kuuza chini ya bei yangu kwa mwezi mmoja tu, mimi nitafunga mlango ambao baba aliufungua mwaka 1951. Hayo yote niliyafikiria, ndiyo maana niliwaambia sikulala. Na nilifikiria kwamba kwa sheria aliyoiandika dada kwenye kona ya meza ya mhazini, mpaka dakika hii ninaposoma, nimekubali, na nimekubali msibani kwake, hatua ishirini kutoka alipolazwa.

Nilidhani alinichagua kusoma kwa sababu tulipatana. Sasa naona alikuwa ananiwekea kipaza sauti.

Kwa hiyo, mzee wangu Mwenyekiti, nanyi ndugu zangu wanne, kwa heshima yote na mbele ya watu wote hawa, jibu la jana ni hapana. Bei ya mkate wangu nitaipanga mwenyewe, peke yangu, nikiwa nimefunga mlango, ikipanda itapanda kwa sababu zangu na ikishuka itashuka kwa sababu zangu, na ninyi mtaijua siku mtakayoiona dukani kama mteja mwingine yeyote. Na dada wa bekari ya stendi, uliyerithi kwa baba yako mwaka jana, ambaye jana ulikuwa ukitazama viatu vyako muda wote, sikuambii la kufanya, nakuambia tu kwamba nami nilitazama viatu vyangu mara saba, na kimya chako kimehesabiwa, ila wenzako wote bado wapo hapa na wana masikio.

Sioni vizuri safu ya pili, jua limeingia chini ya turubai, na sijui kama mzee ameinama au amenyanyuka. Niendelee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimvumilia mgonjwa aliyeuliza bei ya kila dawa katika maduka matatu. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na turubai, na wafanyakazi wa tume, wa zamani na wa sasa, ambao wamekuja wote ishirini na mmoja na ninaona wamekaa wametawanyika, mmoja kila safu, kama alivyowafundisha. Tunamshukuru jaji mstaafu, ambaye afya haikumruhusu kufika, ametuma salamu. Tunawashukuru waoka mikate wote sita, nikiwemo mimi, kwa mikate ya msiba, ambayo ilikuwa mingi na mizuri na imeandikwa kwenye daftari, na ambao jana saa kumi alasiri walikuwepo wote. Nakala ya historia hii itapatikana mlangoni, na moja nimeihifadhi katika droo ya mama.

Dada, walikuja wote kama ulivyosema. Nimejibu, na wamesikia. Sasa unaweza kuacha kulinda, pumzika.